Nimejichangia mwenyewe kwa jina la Msamaria, na mbio zimebaki wiki 5

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku wa manane, mguu wa kulia nimeuegemeza kwenye mto, barafu imeshakuwa maji. Baba na mtoto wamelala. Kuna jambo nimelificha miaka miwili na sasa linataka kunitoka lenyewe, heri nikuambie wewe kabla sijalibwaga mbele ya watu.

Mwanangu wa kiume ana miaka 5. Ni njiti. Alizaliwa wiki ya 27 akiwa na gramu 900. Siku moja kabla ya balaa hilo nilisukuma kabati la nguo kutoka chumba hiki hadi kile, peke yangu, kwa kuwa sikuwa na subira ya kumngoja mume wangu atoke kazini. Kesho yake asubuhi chupa ikapasuka, nami nimesimama tu, napiga mswaki. Hospitali wakanidunga sindano mbili za paja, moja siku ile na nyingine kesho yake, wakaniambia ni za mapafu ya mtoto. Siku ya tatu akatoka.

Tulikaa wodi ya watoto wachanga siku 71. Nilijua kusoma mashine kabla sijajua kumbeba. Namba ya oksijeni ikishuka, kengele inalia, nesi anaingiza mkono kwenye tundu la inkubeta na kumkuna unyayo kwa kidole kimoja, naye anakumbuka kupumua. Hadi leo maikrowevu ikilia kwamba imemaliza kupasha, mabega yangu yanaruka.

Alipofika miaka 2 nikaona siwezi kukaa bure. Nikajiandikisha kukimbia kilomita 21 na kuwaomba watu wachangie taasisi inayofadhili utafiti wa kwa nini uchungu huanza kabla ya wakati. Mimi huyu sikuwahi kukimbia hata kulifukuza basi. Soksi yake ya kwanza, ambayo inanienea kidole gumba, niliibana kwa pini pembeni ya namba ya kifuani. Watu walichanga hadi nikalia. Lengo lilivukwa siku 9 kabla ya mbio.

Mwaka uliofuata nikapanda hadi marathoni, kilomita 42 na ushei, na lengo nikaliongeza mara mbili. Hapo simu zikaanza kupoa. Watu ni walewale, ujumbe wanausoma, kimya. Binamu yangu aliniona kwa mbali akavuka barabara. Ikabaki sehemu ya tano ya lengo. Usiku wa mwisho wa kuchangia nikachota kwenye akiba yetu ya nyumbani nikajichangia mwenyewe. Pale pa kujaza jina nikaandika "Msamaria". Asubuhi mume wangu akaona lengo limetimia, akasema, "Huyu Msamaria, Mungu amzidishie." Nikaitikia amina.

Mwaka jana nilikimbia marathoni mbili, Jumamosi na Jumapili. Pengo likawa karibu nusu. Wasamaria wakawa watatu, wote mimi. Akiba hiyo ni ya ada ya mtoto, anaanza shule mwakani.

Mwaka huu nimetangaza kilomita 100 ndani ya saa 24. Zimebaki wiki 5. Wiki mbili zilizopita maumivu ya muundi yakawa hayapoi hata nikilala. Nikapigwa picha, mfupa una ufa mwembamba. Daktari kasema nisikimbie kwa wiki zisizopungua 6. Nimefunga bandeji, naendelea kidogokidogo alfajiri kabla hawajaamka. Juzi mwanangu alinikuta kwenye ngazi navua kiatu, akaushika mguu kwa mikono yote miwili akauliza, "Mama, unauma kwa sababu yangu?" Kuna mtu alimwambia mama anakimbia kwa ajili yake.

Mume wangu ni mpole. Analosema ni moja tu: "Mtoto mzima huyu hapa, anaruka kiti hadi kiti. Wewe unalipa deni la nani?" Ameanza pia kuulizia mtoto wa pili, nikamwambia tuzungumze baada ya mbio.

Naomba unijibu. Nikijitoa, waliokwisha kuchanga niwaambie nini? Akiba nairudishaje bila mume wangu kujua? Na hizi fedha zinafanya kazi kweli, au miaka yote hii nimejichosha bure?

Ni mimi, Msamaria

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na mguu, maana wenyewe hausubiri barua. Hukimbii. Si kilomita 100, si 10, si zile za alfajiri za kujificha. Ufa wa aina hiyo ni mfupa uliozidiwa: kila hatua inauchosha kidogo, na usipopewa muda wa kujijenga, ufa unaendelea hadi mfupa unavunjika kabisa. Bandeji haizibi ufa, inakuziba wewe macho. Rudi kwa daktari umwambie kuwa hukumtii, ajue anaanzia wapi. Na kuna swali nakuuliza kwa kuwa huenda hakukuuliza: siku za mazoezi marefu unakula kiasi gani, na hedhi inakuja kila mwezi? Mwanamke akikimbia sana na kula kidogo, mwili huanza kubana matumizi. Hedhi hupotea, na mifupa nayo hudhoofika. Ikiwa ndivyo, mpe huyo daktari habari yote, si nusu.

Sasa waliokuchangia. Unaogopa kwamba usipofika mwisho wa kilomita 100 utakuwa umewala fedha zao. Mwaka 1980 kijana wa Kanada aitwaye Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani, aliondoka kwa mguu wa bandia akikusudia kuivuka nchi yake yote, kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa huohuo. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, akasimama njiani kwa sababu saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Hakumaliza. Fedha nyingi zaidi zilikuja baada ya kusimama: kufikia Februari 1981 zilipita dola milioni 24 za Kanada, kama dola moja kwa kila raia. Alifariki Juni mwaka huohuo, na miaka yake ilikuwa 22. Sikusimulii ili umuige, Mungu apishe mbali. Nakusimulia uone kwamba hakuna aliyedai arudishiwe chake kwa kuwa kijana hakugusa bahari ya upande wa pili. Watu hawanunui kilomita.

Kwa hiyo waandikie mistari minne. Mfupa umepasuka, daktari amenikataza, sitakimbia mwaka huu, michango yenu imeshapelekwa au itapelekwa kulekule mlikokusudia, na anayetaka kurudishiwa aseme hadi tarehe fulani. Basi. Usiombe radhi aya tatu. Usiwaahidi kilomita 150 mwakani.

Na ukishapumua, tazama hilo la simu zilizopoa. Umewaomba watu walewale, kila mwaka, kiasi kikubwa zaidi, kwa kujitesa zaidi. Mwaka wa kwanza walichangia mtoto. Mwaka wa tatu walikuwa wanatazama mtu anajiumiza na kuombwa walipie kiingilio. Binamu yako aliyevuka barabara hakukuchukia wewe wala njiti. Alikosa la kusema. Umewahi kurudi kwao bila kuomba, ukawaambia tu fedha zao za mwaka juzi zilifadhili nini? Nina hakika hujawahi, maana kwenye barua yako ndefu hiyo taasisi imepata mstari mmoja, na viatu vyako vimepata aya nne.

Hebu nikujibu la tatu kabla ya la pili, kwa sababu linakuhusu kuliko unavyodhani. Zile sindano mbili za paja unazijua zilitoka wapi? Miaka ya 1960 huko Auckland, New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa akitafuta hasa hicho unachokichangia wewe: ni kitu gani kinachoanzisha uchungu. Akawa anawapa homoni vijusi wa kondoo wakiwa bado tumboni. Mwanakondoo mmoja akazaliwa mapema mno, kwa hesabu zote alipaswa kuwa amekufa, akakutwa anapumua. Mapafu yake yalikuwa yamewahi kukomaa. Liggins akashirikiana na daktari wa watoto, Ross Howie, wakaijaribu dawa ya aina hiyo kwa kina mama 282 waliokuwa karibu kujifungua kabla ya wakati, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Yaani alitafuta jibu la swali moja, akaokota jibu la jingine, na jibu hilo likaja kukaa pajani kwako.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Baada ya 1972 hospitali nyingi zilisitasita. Ilibidi majaribio mengi yafanyike, kisha watu wayakusanye na kuyahesabu pamoja, na ni miaka ya 1990 ndipo sindano hizo zilipoanza kuwa jambo la kawaida. Miaka 20 na zaidi! Mara chache utafiti hukimbia: mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambapo watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri kwanza hali itulie. Vifo katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa robo, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa wazi. Yote mawili ni kazi ya fedha za utafiti. Zinafanya kazi, ndiyo. Ila hazifuati kalenda ya mbio zako, wala maabara haitafungwa milango kwa kuwa mwaka huu umekaa na mguu juu ya mto.

Sasa akiba.

Umeniuliza utairudishaje bila mume wako kujua. Hapo sikusaidii, na shangazi yeyote atakayekusaidia hakupendi. Mtu aliyekuombea dua ukiwa umekaa pembeni yake, nawe ukaitikia amina, anastahili kusikia kutoka kinywani mwako kabla hajafungua taarifa ya benki akitafuta ada. Mwambie leo, au kesho mtoto akilala. Usianze na utafiti wala na wodi, utamfanya ashindwe kukasirika, na ana haki ya kukasirika. Anza na fedha: nilichukua kiasi hiki mara ya kwanza, kiasi hiki mara ya pili, nikajiita Msamaria. Kisha nyamaza. Ada itafutwe na nyinyi wawili kwa mpango mtakaoandika pamoja. Hata jina la Msamaria mkitaka mnaweza kulibadilisha likawa la familia yenu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mchango wa familia ambayo nusu yake haikuulizwa. Kwa waliochanga wengine sioni umeiba, lakini uliwaonyesha namba isiyo ya kweli, na ndiyo maana kila mwaka ulilazimika kuanzia juu ya namba hiyo ya uongo.

Mume wako amekuuliza unalipa deni la nani. Wewe hukumjibu, ila umenijibu mimi: kabati. Barua nzima inahusu mbio, lakini ulipofika kwenye kabati ukaniambia lilitoka chumba gani kwenda kipi na kwa nini hukusubiri. Miaka mitano, bado unalisukuma. Basi nikuambie. Shirika la Afya Duniani na wenzake wanakadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wiki 37, karibu mmoja katika kila kumi. Hao mama zao wote walihamisha samani? Chupa hupasuka mapema kwa maambukizi ambayo mama hata hayasikii. Uchungu huwahi kwa mimba ya mapacha au kwa shingo ya kizazi iliyo fupi. Wengine huzalishwa mapema na madaktari kwa sababu ya shinikizo la damu. Na mara nyingi mno chanzo hakionekani kabisa, ndiyo maana kuna taasisi ya kuchangia. Kabati la siku moja halimo humo. Hata kulazwa kitandani, jambo ambalo wajawazito wengi wameamriwa kwa miaka na miaka, tafiti hazijaonyesha kuwa kunazuia mtoto kuwahi kuzaliwa. Kama kutojigeuza ubavu hakuokoi, kwa nini kusukuma kabati la mbao kuwe ndiko kulikoharibu? Muulize daktari wa uzazi swali hili la kabati kwa maneno hayohayo, umsikie akikujibu kwa sauti. Na hayo mabega yanayoruka maikrowevu ikilia, mtajie na hayo. Wazazi waliokaa wodi ile hubaki na kengele kichwani, si wewe peke yako, na kuna washauri nasaha wanaojua kuizima.

Kuna sentensi moja uliipitisha mbio kuliko zote. Mume wako anaulizia mtoto wa pili, ukasema baada ya mbio. Nikahesabu: 21, 42, 84, 100. Kila mwaka mbio zinarefuka, na "baada ya mbio" inasogea mbele nazo. Huenda nimekosea, mimi ni msomaji wa barua tu. Lakini kama unaogopa, sema unaogopa, hofu yako ina sababu. Aliyewahi kujifungua mapema ana uwezekano mkubwa zaidi ya mwenzake wa kurudia, na kadiri ya kwanza ilivyowahi ndivyo uwezekano unavyopanda. Pamoja na hayo, wengi wao mimba inayofuata huifikisha wakati wake. Na humo katikati kuna mambo ya kufanya: kumwona daktari kabla hujashika mimba, kupimwa urefu wa shingo ya kizazi kwa utrasaundi, na kwa wanaohitaji, kushonwa shingo hiyo au kupewa homoni ya projesteroni ya kuweka ukeni. Kulikuwa pia na sindano ya homoni ya kila wiki iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa wanawake wenye historia kama yako. Utafiti mkubwa zaidi ukakuta haisaidii, na mwaka 2023 ikaondolewa. Nadhani umeelewa kwa nini nakutajia. Utafiti ule haukuleta dawa mpya, ila kuna mama leo hadungwi sindano ya kila wiki isiyo na faida.

Unaweza kumkubalia mume wako, unaweza kumkatalia kabisa, na jibu la pili si dhambi. Lisilofaa ni kumpa jibu lenye kilomita ndani yake.

Huyo mdogo hawezi kungoja mazungumzo ya wakubwa. Mwambie kesho: "Hapana. Mguu umeuma kwa sababu mama alikimbia sana na hakupumzika. Wewe hukuufanya chochote." Atauliza tena wiki ijayo, watoto wa miaka 5 huuliza mara kumi, nawe mjibu hivyohivyo mara kumi. Na huyo aliyemwambia unakimbia kwa ajili yake, mtafute umwambie aache.

Mwisho, ile soksi. Itoe kwenye pini. Mkae chini mumwonyeshe, ajaribu kuivaa kwenye kidole chake mwenyewe, acheke. Nina hamu ya kujua ikimfika wapi. Niandikie.

Shangazi yako